Imani ni zawadi au ni uamuzi wetu? Mimi ninayo, kaka yangu hana, na tumelelewa nyumba moja

#1 Tunda la Kyaka
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumapili ya juzi, naomba mnisaidie.

Kwenye jumuiya yetu kuna mama alisimama kutoa ushuhuda. Ameuguza mguu miezi minane na sasa anatembea na fimbo, kwa hiyo sote tukajua anakuja kushukuru kwa mguu. Akasema mguu ni mguu tu, mimi namshukuru Mungu kwa kunipa imani, maana kuna usiku nilikuwa naamka kwa maumivu najikuta bado namwamini na sijui hiyo nguvu ya kumwamini imetoka wapi. Mimi nikalia. Mzee wa kanisa akamrekebisha kwa upole, mama, Mungu amekupa uponyaji, imani umeitoa wewe. Watu wakaitika amina tukaendelea na kikao, ila mimi nilibaki palepale.

Sababu ni kaka yangu. Tumelala kitanda kimoja utotoni, Sunday school moja, kipaimara tulisoma pamoja na yeye ndiye alikuwa ananifundisha kukariri mistari. Leo mimi naamini na yeye haamini, na wala hana ubaya na mtu, anasema tu haoni kitu. Sasa kama imani ni zawadi mbona yeye hakupewa? Na kama ni uamuzi wangu basi nina haki ya kujisifu kwamba mimi ni mwerevu kuliko yeye, na wote nyumbani tunajua mwenye akili ni yeye.

Nikipiga magoti kushukuru kwa ajili ya imani, nashukuru kitu gani hasa?

#2 Mzee wa Gereji
Amina dada. Mzee wenu wa kanisa yuko sahihi. Mungu halazimishi mtu, Ufunuo 3:20 anasimama mlangoni anabisha, hasemi anavunja mlango, kitasa kiko ndani. Mimi nimeokoka 2009 kwenye mkutano wa Injili uwanjani, mhubiri akasema anayetaka anyooshe mkono, mkono nilinyoosha mwenyewe magoti yanatetemeka, na rafiki yangu aliyekuwa pembeni yangu hakunyoosha. Tumesikia neno lilelile. Na Yesu mwenyewe kwenye Luka 17 anamwambia yule Msamaria mwenye ukoma imani YAKO imekuokoa. Hakusema imani yangu niliyokupa. Shukuru kwa msalaba, kwa rehema, kwa kuitwa, ila kuitika ni kwako. Kaka yako naye ataitika siku akiamua.

#3 Mkatekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki vyote viwili ni kweli. Imani ni neema ya Mungu na hapohapo ni tendo la mtu, akili na utashi vinafanya kazi. Mtu mzima akija kuanza ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kubatizwa, anaulizwa unaomba nini kwa Kanisa la Mungu, anajibu imani. Anaulizwa tena, imani itakupa nini, anajibu uzima wa milele. Nimesimamia jibu hilo miaka mingi. Huwezi kuomba kitu ambacho unacho mfukoni.

#4 Kipaimara 98
Mzee wa Gereji nakuheshimu ila hapo kwa "imani yako" sikubaliani, hata jina langu ni langu lakini sikujipa.

Mimi Mlutheri, tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya Luther ile ya 1529, kwenye sehemu ya Roho Mtakatifu unakiri kwamba kwa akili zako na nguvu zako mwenyewe huwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho amekuita kwa Injili. Tulisema kama kasuku tupate kubarikiwa tule pilau. Nimekuja kuelewa nina miaka 34, mke wangu yuko wodini, daktari ameshaniita pembeni kaniambia nijiandae, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la simenti nikataka kuomba nikakuta hakuna kitu. Sina hasira wala huzuni wala imani, mtu mtupu kabisa. Nikasema Bwana kama unataka nikuamini basi uniaminishe wewe maana mimi nimeishiwa. Sikuona nuru sikusikia sauti. Ila asubuhi nilikuwa naamini. Mke alipona baadaye, lakini nilikuwa naamini kabla sijajua kama atapona. Nani aliiweka usiku ule kama si yeye? Mimi nilikuwa nimelala pale kwenye benchi.

Alafu nikuulize mzee, pale uwanjani ulienda kufanya nini?

#5 Mzee wa Gereji
Pole sana na hongera kwa mke. Uwanjani kusema kweli sikwenda, nilikuwa napita natoka kununua spea ya gari la mteja nikasikia spika.

#6 Kitabu Wazi
Umeshajijibu baba 😀 hukwenda, ulipitishwa!

#7 Mzee wa Gereji
Nilipita na mamia wengine. Wengi waliendelea na safari zao.

#8 Mwalimu wa Ngeli
Habari wadau. Naomba niingie kwa mlango wa Kiswahili maana naona mnabishana kitu ambacho lugha yetu imekibeba tayari.

Mzee wa Gereji kasema nimeOKOKA. Hiyo ni kauli ya kutendeka, kama kuvunjika na kumwagika, haitaji mtendaji. Ukisema kikombe kimevunjika hujasema nani kavunja. Nimeokolewa ni kauli ya kutendwa, hapo lazima mtu aulize, umeokolewa na nani? Sasa cheki Biblia ya Union ya 1952 tunayoisoma wengi. Warumi 10:9 ukimkiri kwa kinywa na kuamini moyoni UTAOKOKA. Yule askari wa gereza kule Filipi anauliza afanye nini apate KUOKOKA. Lakini Efeso 2:8 inasema MMEOKOLEWA kwa neema. Mahali ambapo mtu anaulizwa afanye nini wafasiri wameweka okoka, mahali anapoambiwa amefanyiwa nini wameweka okolewa. Sidai walikaa wakapanga hivyo, ila nikisoma naliona.

Pili, mstari huohuo wa Efeso: mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Ambayo hiyo ipi? Neema ni ngeli ya I-ZI, imani nayo ni I-ZI. Msomaji wa Kiswahili anachukua iliyo karibu, anasema imani ndiyo kipawa. Lakini inaweza kuwa neema pia. Kama alimaanisha kuokolewa kwenyewe ingetakiwa iwe "ambako huko". Kwa hiyo dada Tunda ukisoma Kiswahili peke yake, mama wa mguu ana hoja nzito kuliko mzee wa kanisa.

#9 Chuo cha Bonde
Mwalimu asante, darasa zuri sana, ila kwenye Kigiriki mambo hayako hivyo. Neno lililotafsiriwa "hiyo" ni *touto*, jinsia yake si ya kike wala ya kiume, wakati imani na neema kwa Kigiriki zote ni za kike. Haiendani na yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana wengi wanasema Paulo anamaanisha jambo zima la kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani ni kipawa. Hata Calvin, yule mwanamatengenezo wa kanisa aliyefundisha kwamba Mungu ndiye anayechagua wa kuokolewa, ambaye watu wanadhani angeng'ang'ania imani, kwenye mstari huu alisema Paulo anazungumzia wokovu mzima.

Ila msikimbilie kushangilia upande wa gereji, kama jambo zima ni kipawa basi imani nayo imo ndani. Na Wafilipi 1:29 haina utata, mmepewa kumwamini na kuteswa kwa ajili yake. MMEPEWA.

Mwenye kesi ya kufanana na dada Tunda ni Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, Hippo iko Algeria ya leo. Mwanzoni alifundisha kwamba kuamini ni kwetu na Mungu anaongezea yanayofuata. Baadaye akabadilika na akaandika wazi kwamba alikosea, na kilichombadilisha ni 1 Wakorintho 4:7, una nini usichokipokea. Askofu anakiri hadharani kwamba alikosea, mimi hapo huwa nasimama kwanza.

#10 Mwalimu wa Ngeli
Nimepokea sahihisho, *touto* sikuijua. Ila ngeli zangu ziko palepale.

#11 Mjukuu wa Mlokole
Bandiko la mwalimu limenikumbusha bibi yangu. Watu wanamwita mtu mlokole kwa kumkebehi, hawajui neno lenyewe limetoka Luganda, mulokole, aliyeokolewa. Limeingia na ule uamsho ulioanza Uganda 1935 ukashuka mpaka kwetu Kagera.

Bibi alikuwa wa kundi hilo. Hakuwahi kusema nilimpokea Yesu. Alikuwa anasema alinikuta. Alinikuta naiba ndizi za shemeji yangu, alinikuta na kinyongo. Na walokole wa zamani toba yao ilikuwa na miguu, alitembea kutwa nzima kurudisha jembe alilochukua kwa watu miaka sita nyuma, mwenye jembe alishasahau. Kila walipokutana wanaanza kutubu ya wiki ile, mbele ya wote, watoto tumekaa tunasikia bibi anasema jana nilimsemea mkwe wangu maneno mabaya. Halafu wanaimba kwa furaha kama watu waliolipiwa deni. Kwa bibi kushukuru kwa imani na kutubu vilikuwa kitu kimoja. Mzee wa Gereji ungemuuliza bibi nani alinyoosha mkono, angekuambia mkono wangu ulikuwa kwenye ndizi.

#12 Chuo cha Bonde
Mjukuu, bibi yako ni hazina. Sahihisho dogo la mwaka: mwanzo unaotajwa sana ni Septemba 1929 pale kilima cha Namirembe, Kampala, Dk. Joe Church, mmisionari Mwingereza aliyekuwa hospitali ya Gahini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, wote wawili wana njaa ya kiroho, wakakaa siku mbili wanasoma na kuomba. Moto wenyewe ukawaka Gahini miaka ya 30, ndipo ukasambaa Uganda, Kenya, Burundi na Kagera. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa uamsho huo, na 1977 mkutano wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam ndiye aliyechaguliwa rais wa shirikisho lao, Mwafrika wa kwanza.

#13 Mjukuu wa Mlokole
Asante, 1935 ni mwaka nilioupata kwa wajomba. Rwanda basi.

#14 Upande wa Kaka
Wakuu mimi si mwamini kwa sasa, nimesoma uzi wote kimya, nimeona niandike maana mnamjadili mtu kama mimi na yeye hayupo.

Dada Tunda, nimenyoosha mkono mara tatu. Mara ya kwanza kidato cha pili, ya pili chuoni, ya tatu mama alipofariki. Mara zote tatu nilimaanisha. Nilisema ombi la toba neno kwa neno, nikafunga, nikakesha, nikasubiri. Wenzangu wanatoka wanalia kwa furaha mimi natoka nafuta vumbi magotini. Sasa Mzee wa Gereji anaposema ataitika siku akiamua, mzee wangu mimi niliamua. Kitasa kiko ndani nilikizungusha mpaka mkono ukauma. Na Kipaimara 98 anaposema aliomba usiku akaamka anaamini, namfurahia kwa kweli, lakini kama ni zawadi mimi niliomba hiyohiyo.

Sina ugomvi na Mungu. Siku jua linatua ziwani natamani kuwe na mtu wa kumshukuru. Naona uzuri halafu sina anuani ya kupeleka asante. Hicho ndicho ninachokosa, sio sheria wala mbingu. Kwa hiyo nyie mlio nayo, iwe mmepewa au mmeamua, msiichukulie kitu kidogo.

#15 Mama Wawili
Mwanangu #14 nimesoma bandiko lako mara tatu nikaacha mboga jikoni ikaungua. Sitakuhubiria. Nakuambia tu ninachokiona kwa Tomaso. Wenzake kumi walishamwona Bwana, yeye akasema siamini. Yohana 20 inasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwemo ndani tena, NA TOMASO PAMOJA NAO. Siku nane anakaa na watu wanaoamini na yeye haamini, na hawakumfukuza, na yeye hakuondoka. Yesu alipokuja alimkuta mle mle ndani. Hatuambiwi Tomaso aliomba nini siku zile nane.

Na yule baba wa Marko 9 alilia naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, sentensi moja ina vyote viwili, na mtoto wake alipona bila baba kuulizwa asilimia ngapi.

Hiyo hamu ya kushukuru jua likizama, mimi ningekuwa nayo hiyo tu ningeisema kila jioni hata bila anuani.

#16 Kipaimara 98
#14 asante kwa kusema ukweli. Naona niliandika kama vile nina kanuni. Sina. Sijui kwa nini mimi benchi na wewe vumbi la magoti.

#17 Mzee wa Gereji
Kijana wa #14 nisamehe kama nimekuumiza. Sifuti nilichosema kwamba mtu anaitika, maana nikifuta hapo Mungu anabaki kama anayechagua watoto wa kuwalisha na wengine kuwaacha, na mimi huyo Mungu simjui, 1 Timotheo 2:4 anataka watu wote waokolewe. Ndicho ninachokipigania, sio mkono wangu. Lakini sikuwahi kufikiria mtu aliyeitika na asisikie kitu. Huko gereji gari linaweza kuwa na kila kitu, betri nzima, mafuta yamo, na lisiwake, na fundi mkweli anasema sijajua bado.

#18 Kitabu Wazi
Umenena mzee. Mimi naona shida tunadhani imani inakuja kama umeme, pap. Yule John Newton mtunzi wa wimbo wa neema, Amazing Grace, alikuwa nahodha wa meli za watumwa, akapigwa na dhoruba akaokoka na palepale akaacha biashara ile.

#19 Chuo cha Bonde
Hapana mkuu, hilo la palepale linahubiriwa sana na si kweli. Dhoruba ilikuwa Machi 1748, na nahodha wa meli za watumwa alikuja kuwa BAADA ya dhoruba, akaendelea mpaka 1754, na alichomtoa baharini ni ugonjwa. Kupinga utumwa kwa maandishi mbele ya watu ni 1788, miaka 40 baadaye. Yeye mwenyewe alisema hawezi kujihesabu kuwa alikuwa mwamini kamili siku zile za dhoruba, ilichukua muda mrefu.

#20 Kitabu Wazi
Duh. Miaka 40 na watu wamefungwa minyororo chini ya sakafu. Hapo sasa rehema imekuwa ngumu zaidi kwangu, maana Mungu alimvumilia yeye, na wale waliokuwa chini je?

#21 Mjukuu wa Mlokole
Hilo ni swali la kweli na sitaki kulijibu haraka. Bibi angesema kurudisha jembe ni lazima. Newton alikuwa na majembe mengi sana.

#22 Mkatekista Mstaafu
Kuhusu rehema, sisi tuna Rozari ya Huruma ya Mungu, saa tisa alasiri, saa aliyokufa Bwana. Kule Kiabakari mkoani Mara kuna kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, nilikwenda baada ya kustaafu. Nilikuwa na orodha ya maombi imejaa ukurasa. Nilipofika nikakuta sina la kuomba, nikakaa nasema asante tu mpaka jua limenichoma. Na Jumapili ya Huruma inayofuata Pasaka, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000, Injili inayosomwa siku hiyo ni hiyohiyo ya Tomaso aliyoitaja Mama Wawili.

#23 Dereva wa Masafa
Kwani Wakatoliki na Walutheri si ndio waligawanyika kwa jambo hili hili? Naona #3 na #4 wanakubaliana tu humu.

#24 Chuo cha Bonde
Waligawanyika ndiyo, ila 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa kuamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga 2006. Hawakumaliza kila tofauti, ila hiyo ya msingi waliisema pamoja.

#25 Dereva wa Masafa
Sawa, asante. Mimi niko Tunduma kwenye foleni ya malori siku ya pili, nimesoma uzi wote. Zaburi yangu ya barabarani ni Maombolezo 3:22, ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii. Nimepita ajali nyingi ambazo zingekuwa zangu.

#26 Mwalimu wa Ngeli
Maombolezo si Zaburi dereva 😀 ila safari njema. Na ona mstari unaofuata, ni mpya kila siku asubuhi. Aliyeandika alikuwa anautazama mji wake umeteketea.

#27 Tunda la Kyaka
Nimerudi, mtandao ulikuwa unasumbua. Asanteni wote. #14 nimekutumia ujumbe inboksi, ukijibu sawa, usipojibu sawa.

Jana nilimpigia kaka. Sikumwambia habari za uzi. Nilimuuliza tu kama anakumbuka mstari alionikaririsha siku ya kipaimara maana nimeusahau. Akaanza kuusema kwenye simu wote, Tito 3:5, si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi, bali kwa rehema yake. Hakukosea hata neno. Kisha akasema haya basi mtoto analia, akakata.

Mimi niliwahi kuusahau na yeye anaujua. Bado sijui nishukuru kitu gani hasa ila jana usiku nilishukuru kwa huyo kaka aliyenikaririsha, nikaanzia hapo.

#28 Mzee wa Gereji
Dada hapo umenifunga. Ila kukariri ulikariri mwenyewe.

#29 Kipaimara 98
Mzee! Hebu tuanze upya kutoka #2 😀

#30 Mama Wawili
Na watoto wachanga tunaowabatiza je, wao wanaitika na nini?

#31 Mkatekista Mstaafu
Mama hilo lifungulie uzi wake, tutakuja wote.